Shaabani Ipi? Nyaraka za Duka, Shamba na Wakfu Zinavyopotea Zikiwa Mikononi

Wanahistoria wa Kiislamu wamepokea kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab, Allah amridhie, aliletewa hati ya deni ambayo malipo yake yaliahidiwa mwezi wa Shaabani. Mwaka haukutajwa. Khalifa akauliza ni Shaabani ipi: iliyopita, tuliyo nayo, au ijayo? Yapo mapokezi mengine yanayotaja barua zisizo na tarehe zilizomfikia Abu Musa al-Ash'ari. Kwa vyovyote vile, mashauriano yaliyofuata, katika mwaka wa 16 au 17, ndiyo yaliyowapa Waislamu hesabu ya miaka ya Hijria tunayoitumia hadi leo.

Hati ile haikuwa ya uongo. Ilikosa neno moja tu la kuieleza, na kwa kukosa neno hilo haikuweza kutumika. Maneno ya namna hiyo, yasiyo maudhui ya waraka bali ni habari kuhusu waraka, wataalamu wa kompyuta huyaita metadata: nani kauandika, lini, unamhusu nani, unaisha lini. Aliyesoma elimu ya hadithi hapati ugeni wowote katika jambo hili, kwani tangu siku ya kwanza alitenganisha matini na isnadi, akajua kuwa maneno yasiyo na mlolongo wa wapokezi hayana mahali pa kusimama. Naye Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad, alipoandika Fihrist yake mwaka 377 Hijria, sawa na 987 Miladia, hakuridhika na kuorodhesha majina ya vitabu. Alieleza waandishi wake na fani zake, akagawa kazi yote katika makala kumi ili mtafutaji ajue aanzie wapi.

Sisi wa Bariadi tunayo sababu ya karibu zaidi ya kulizungumza hili. Kamati yetu imeketi na familia iliyofiwa na baba, mfanyabiashara wa mazao, mtu mwaminifu aliyekuwa akipiga picha kila karatasi kwa simu yake. Risiti za mashine za EFD, stakabadhi za pamba, hati za kukopeshana na mikataba ya ghala, vyote vilikuwemo. Vilikuwemo pia picha za harusi, za ng'ombe na za wajukuu, na kila moja ikiwa na jina la tarakimu ambazo simu hujipangia yenyewe. Sheria ya mirathi haigawi mali mpaka madeni ya marehemu yalipwe na wasia wake utekelezwe. Basi mjane na mayatima walisubiri wiki baada ya wiki, wakati vijana wawili wakifungua picha moja moja. Deni moja ambalo marehemu alidai lilipatikana likiwa limeandikwa jina la mdaiwa la utotoni, ambalo mkewe tu ndiye aliyelitambua. Kama si yeye, haki ya mayatima ingelala humo humo ndani ya simu.

Wengi hudhani dawa ni kuwa na folda nyingi. Folda zina faida, lakini zina udhaifu wa kabati: karatasi moja hukaa mahali pamoja tu. Chukua mkataba wa pango la chumba cha duka kilicho mbele ya msikiti. Je, uingie katika folda ya mikataba, ya wakfu, ya mpangaji, au ya mapato? Mweka hazina atautafuta katika mapato, imamu katika wakfu, na wote wawili watasema haupo. Lebo hazina ugomvi huo, kwa kuwa waraka mmoja unaweza kubeba lebo tano na ukafikiwa kwa njia tano.

Tunasisitiza lebo ziwe za kwenu wenyewe. Programu ya kompyuta yenyewe inajua faili lilitengenezwa lini na lina ukubwa gani, lakini haijui kuwa karatasi hii ni ya kiwanja cha madrasa. Mwaka 1995 wataalamu walikutana katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio nchini Marekani, wakaanzisha mpango uliokuja kuwa na vipengele 15 vya kueleza waraka wowote duniani. Ni kazi nzuri, ila duka la mahitaji mtaani kwetu halihitaji vipengele 15. Linahitaji majibu ya maswali ambayo mwenye duka huulizwa. Afisa wa kodi huuliza mwaka na aina ya risiti. Mwenye nyumba huuliza mkataba unaisha lini. Warithi huuliza nani anadaiwa na nani amelipa. Kwa kamati yetu tumeona lebo sita zinatosha: aina ya waraka, mhusika, mali inayohusika, tarehe ya waraka, tarehe ya kuisha, na hali yake, yaani kama jambo liko wazi au limefungwa. Hiyo ya tarehe ya kuisha peke yake ina thamani kubwa, kwa sababu leseni ya biashara haimsubiri mtu akumbuke.

Mkoa wetu una mitego yake. Simiyu ilianzishwa mwaka 2012. Hati ya kiwanja cha Bariadi iliyotolewa kabla ya hapo inasema Mkoa wa Shinyanga. Ya Lagangabilili, iliyo Itilima leo, inasema Wilaya ya Bariadi, na ya Nyashimo, Busega, inasema Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Anayeandika neno Simiyu katika kisanduku cha kutafutia hatazipata hata moja, ingawa zote zimo. Lebo ya mali ndiyo inayounganisha jina la zamani na la sasa bila kugusa maandishi ya hati yenyewe.

Majina ya watu ni mtego mkubwa kuliko huo. Ndugu zetu wengi Wasukuma wana jina la ukoo linalojulikana gulioni na jina la Kiislamu linalojulikana msikitini, na jina moja la Kiislamu huandikwa Mohamed, Muhamad au Mohamedi kutegemea karani aliyeshika kalamu siku hiyo. Chagueni namna moja, ile iliyo katika kitambulisho cha taifa, iwe ndiyo lebo, kisha majina mengine yafuate pembeni. Tarehe nazo ziandikwe kuanzia mwaka, mfano 2024-07-15, ili kompyuta izipange zenyewe kwa mfuatano. Mwenye kutoa zaka aongeze tarehe ya Hijria, maana haul huhesabiwa kwa mwaka wa mwezi mwandamo, na mamlaka ya kodi haiufuati.

Kuhusu vyombo, hatuoni haja ya kurefusha. Microsoft Word ina ukurasa wa sifa za faili ambamo mtu huongeza vipengele vyake na kuvipa majina anayotaka, na ofisi kubwa zenye SharePoint huongeza safu za lebo katika maktaba yao ya nyaraka. Duka dogo litoshekee na jedwali moja: kila mstari waraka mmoja, kila safu lebo moja, na safu ya mwisho ieleze waraka halisi uko kabati gani. Asiye na kompyuta atumie daftari la mistari. Lakini jambo moja watu hawalijui: picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha, hupewa jina jipya na maelezo iliyoyabeba ndani yake huondolewa. Itumwe kama waraka, na lebo kuu ziwekwe katika jina la faili lenyewe, kwa mfano "2024-07-15 mkataba pango duka-3 mwisho 2025-07-14".

Risiti za EFD zipigwe picha siku hiyo hiyo, kwani wino wake hufifia, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Jedwali nalo lisisambazwe ovyo. Lina majina ya watu na madeni yao, na mbali na kwamba siri ya mdaiwa ni amana, nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Aya ya deni katika Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inataka deni liandikwe liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Wafanyabiashara wetu wengi wanaandika, Alhamdulillah. Waliobaki nyuma ni wale wasiomwonesha yeyote nyumbani walikoandika. Jedwali likikamilika, mke au mtoto mkubwa aitwe, apewe swali moja, kwa mfano hati ya shamba la Maswa iko wapi, naye aachwe aitafute peke yake. Akishindwa, lebo zibadilishwe kwa maneno anayoyatumia yeye. Sisi katika kamati jaribio hilo tulimpa muadhini, na neno "mali isiyohamishika" tulilifuta jioni hiyo hiyo, tukaandika "viwanja na majengo".