Napoleon wa Ridley Scott na suala la upokezi: Nani ana haki ya kulalamika?

MNAMO Novemba 2023, filamu ya Napoleon iliingia katika kumbi za sinema huku ugomvi ukiwa umeitangulia. Wanahistoria walikuwa wametazama tangazo lake tu, wakaanza kuorodhesha makosa. Mwelekezi wake, Mwingereza Ridley Scott, hakuwa na subira nao. Jibu lake, ukiliondolea matusi, lilikuwa hili: kwani nyinyi mlikuwapo? Kama hamkuwapo, nyamazeni.

Jibu hilo liliwachekesha wengi lakini halina mashiko. Scott mwenyewe hakuwapo. Maadamu hakuna aliye hai leo aliyeshuhudia vita vya Waterloo tarehe 18 Juni 1815, kigezo cha 'kuwapo' kinatunyima sote haki ya kusema, yeye akiwamo. Mwanahistoria hadai kwamba alikuwapo. Anachodai ni kwamba amesoma barua, amri za kijeshi na kumbukumbu za waliokuwapo.

Hata hivyo, tusiharakishe kuwapa wanahistoria ushindi. Ugomvi huu unatupa nafasi ya kufafanua dhana ambayo wanafunzi wetu wa fasihi huitaja mara nyingi na kuitumia kwa nadra: upokezi.

Madeni matatu

Filamu ya aina hii ni mseto wa tanzu tatu. Kwanza ni utendi, na utendi hudai ukubwa: majeshi, farasi, shujaa anayesimama juu ya watu wa kawaida. Pili ni historia, nayo hudai ushahidi. Tatu ni wasifu, ambao hudai tuonyeshwe moyo wa mtu, si matendo yake pekee. Kwa hiyo mwelekezi anayetangaza filamu ya namna hii amejitwika madeni matatu kwa mpigo, na kila mdai atakuja kwa wakati wake kudai chake.

Linganisha na Utendi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Liyongo anauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba iliyodungwa kitovuni. Msomaji halalamiki kwamba kifo cha namna hiyo hakiaminiki, kwa sababu anajua ameshika utendi na masharti ya utendi anayafahamu. Lakini mweleze msomaji huyo huyo kwamba kitabu ni wasifu wa kihistoria, uone kama hatauliza: ushahidi uko wapi?

Mhakiki wa Kijerumani Hans Robert Jauss, aliyeweka msingi wa nadharia ya upokezi katika Chuo Kikuu cha Konstanz mwishoni mwa miaka ya 1960, aliliita jambo hili 'upeo wa matarajio'. Hakuna anayeikabili kazi ya sanaa akiwa mtupu. Kila mmoja huja na alichosoma, alichofunzwa na anachotamani kukiona. Maana huzaliwa pale matarajio hayo yanapokutana na kazi yenyewe. Hapa kwetu mfano wa wazi ni DJ Afro, ambaye kwa miaka mingi amesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng. Picha ni zile zile, lakini anayemsikiliza DJ Afro hupokea muvi nyingine kabisa.

Wadai walivyogawanyika

Wanahistoria walidai deni la ushahidi. Walisema, tena kwa haki, kwamba Napoleon hakuwapo Paris Malkia Marie Antoinette alipokatwa kichwa tarehe 16 Oktoba 1793. Alikuwa kusini, kwenye mazingiwa ya Toulon. Vita vya mwaka 1798 vinavyoitwa vya Piramidi vilipiganiwa kilomita kadhaa kutoka piramidi zenyewe, na hakuna aliyezilenga kwa mizinga. Huko Waterloo, Napoleon hakuongoza mashambulizi ya farasi akiwa na upanga mkononi. Wala hakuwahi kuonana ana kwa ana na Wellington.

Wafaransa walikuwa na deni jingine, la heshima. Patrice Gueniffey, mwanahistoria aliyeandika wasifu wa Napoleon, aliiona filamu kuwa ya mtu anayeichukia Ufaransa na kuipendelea Uingereza. Gazeti la Le Figaro liliwalinganisha Napoleon na Joséphine na Barbie na Ken. Wengine walikerwa kuwasikia askari wa Ufaransa wakizungumza Kiingereza cha Kimarekani. Ng'ambo ya pili ya bahari, gazeti la Uingereza la The Guardian liliipa filamu hiyo hiyo nyota tano. Jamani, filamu ni moja! Kilichotofautiana ni upeo.

Wahakiki wa sinema kwa jumla waligawanyika. Wengi walisifu vita vya Austerlitz na uigizaji wa Vanessa Kirby kama Joséphine, na baadaye filamu iliteuliwa kuwania tuzo tatu za Oscar: maleba, mandhari na athari za picha. Lakini walilalamika kwamba miaka karibu 30 ilikuwa imebanwa katika dakika 158, vita hivi vikiisha na vingine kuanza kabla mtazamaji hajajua kwa nini vinapiganwa. Mwaka 2024 Scott alitoa toleo refu zaidi, la zaidi ya saa tatu, kupitia Apple TV+.

Na mtazamaji wa kawaida je? Tiketi zilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 200 duniani. Hata hivyo, watazamaji wa Marekani waliohojiwa na CinemaScore wakitoka ukumbini waliipa alama ya B-, ambayo kwa kipimo hicho si ya kujivunia. Walikuwa wametarajia shujaa wa utendi. Wakakutana na Napoleon wa Joaquin Phoenix: mtu mwenye kununa na kulialia, anayechekesha wakati mwingine, na mtumwa wa mapenzi. Wengi hawakujua kama walipaswa kucheka au la.

Kosa lipi ni kosa?

Hapa ndipo mhakiki anapohitajika, kwa sababu orodha ya makosa peke yake si uhakiki. Kumweka Napoleon mbele ya mashine ya kukata vichwa ni ufupisho wa kisanaa. Mtazamaji anaonyeshwa kwa dakika chache kwamba mtu huyu alizaliwa kisiasa na umwagaji damu wa Mapinduzi. Tarehe imepotoka lakini maana haijapotoka.

Sasa linganisha na suala la umri. Joséphine wa kihistoria alizaliwa 1763 na Napoleon 1769. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, mwenye kujuana na wakubwa, naye Napoleon kijana wa miaka 26 anayetafuta njia. Walipooana Machi 1796, bibi arusi alijipunguzia miaka na bwana arusi akajiongezea, hata wakakaribiana kwenye cheti. Katika filamu, Phoenix amemzidi Kirby kwa takriban miaka 14. Kosa hili halimo katika tarehe yoyote, ila linageuza ndoa nzima: nani alimhitaji nani?

Kisha kuna kosa ambalo halikupigiwa kelele nyingi kama piramidi, nalo ni ukimya. Mwaka 1802 Napoleon aliurejesha utumwa katika makoloni ya Ufaransa, baada ya Mapinduzi kuupiga marufuku 1794. Alituma jeshi Saint-Domingue. Toussaint Louverture akakamatwa, akapelekwa Ufaransa, akafia gerezani Aprili 1803. Watu wake hawakusalimu amri. Tarehe 1 Januari 1804 nchi hiyo ikawa Haiti huru. Toleo la sinema halisemi lolote kuhusu hayo. Jenerali Dumas, mwana wa mama mtumwa wa Saint-Domingue, yumo, akiigizwa na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Lakini anapita tu. Sinema inayopata muda wa kuonyesha mizinga ikipiga piramidi haiwezi kusema haikuwa na nafasi. Kwa mtazamaji wa Kiafrika, pengo hilo ni zito kuliko jiwe lolote la piramidi.

Tunachojifunza

Fasihi yetu imewahi kulishughulikia suala hili kwa uangalifu. Ebrahim Hussein, alipoandika Kinjeketile (1969), alimtahadharisha msomaji kwamba Kinjeketile wa tamthilia si yule wa historia ya Maji Maji moja kwa moja, bali ni zao la ubunifu. Hakuuliza nani alikuwapo. Alieleza deni analolilipa na lile asilolilipa.

Dedan Kimathi naye ametupa mfano mwingine. Katika tamthilia ya Kenneth Watene ya 1974, Kimathi ni mtu mwenye shaka na udhaifu. Miaka miwili baadaye, Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo wakatoa Kimathi asiyeyumba, ambaye msomaji wa Kiswahili anamjua kupitia Mzalendo Kimathi. Anayemkataa Kimathi wa Watene anafanana na Mfaransa anayemkataa Napoleon wa Scott: anatetea kumbukumbu ya taifa lake. Si upuuzi huo, ila si uhakiki kamili pia.

Kwa hivyo mwanafunzi anayeandika kuhusu kazi ya kihistoria, iwe filamu au tamthilia, ayatenge maswali matatu. Je, ni kweli? Je, imesukwa vizuri? Je, imeacha nini, na pengo hilo linamfaidi nani? Jibu la swali la kwanza lisitumiwe kujibu la pili, kama walivyofanya baadhi ya wanahistoria. Wala ubora katika la pili usitumiwe kulifunika la tatu, kama alivyotaka Scott.

Maswali haya si ya Wafaransa pekee. Watu wengi watakaowahi kukutana na Napoleon watamkuta kwenye kioo, si kitabuni. Siku filamu kubwa ya Mekatilili wa Menza itakapokuja, pengine ikiwa imeelekezwa na mgeni na kuigizwa kwa Kiingereza, tutakaolalamika ni sisi. Itafaa tujue mapema tunadai deni lipi.