Shule ya Wajerumani na Jina la Rubani Aliyezikwa Ngorongoro

Katika barabara ya Limuru, Nairobi, upande wa Gigiri, ipo shule ambayo wakazi wengi wa jiji wanaiita tu Shule ya Wajerumani. Ilianzishwa mwaka 1969. Jina lake kamili linamtaja Michael Grzimek, kijana ambaye hakuwa mwalimu wala balozi, na ambaye hakuwahi kuiona shule hiyo. Alifariki miaka kumi kabla haijafunguliwa, na kaburi lake liko Tanzania, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.

Alikuwa na miaka 24. Yeye na baba yake, Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, walikuja kutoka Ujerumani kwa ndege ndogo ya Dornier yenye injini moja, wameipaka milia ya pundamilia toka pua hadi mkia. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikuwa ikipanga kuchora upya mipaka ya Serengeti, na hakuna aliyekuwa na hakika nyumbu wanahamia wapi na kwa majira gani. Basi baba na mwana wakawa wanaruka chini chini juu ya mbuga, ukanda baada ya ukanda, wakihesabu. Walipata nyumbu wapatao 99,000. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa peke yake angani ndege ilipogongana na tumbusi, ikaanguka. Filamu waliyoipiga kuhusu kazi hiyo, Serengeti darf nicht sterben (yaani, Serengeti haipaswi kufa), ilitunukiwa Oscar mwaka uliofuata. Baba alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa yakazikwa kando ya mwanawe.

Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu naamini jina hilo lina thamani kuliko majengo yote yaliyomo ndani ya ua ule. Jamii ya shule kama hii ni jamii ya watu wanaopita. Mzazi ana mkataba wa ubalozi, wa Umoja wa Mataifa au wa kampuni. Mkataba ukiisha, familia inafunga virago. Mtoto aliyeanza chekechea Nairobi huenda akamalizia masomo Cairo au Lima, kwa kuwa duniani kuna shule zaidi ya 130 za aina hii zinazotambuliwa na Ujerumani. Ya Istanbul ilianza mwaka 1868, ya Cape Town 1883, ya Windhoek 1909. Serikali ya Ujerumani hutoa ruzuku na kutuma baadhi ya walimu, lakini kwa kawaida mwenye shule ni chama kinachoendeshwa na wazazi wenyewe: wao huchagua bodi, hulipa karo na kubeba mzigo fedha zikipungua. Inapofika mitihani ya mdomo ya Abitur, cheti cha kuingilia chuo kikuu, mjumbe hutumwa kutoka Ujerumani kuisimamia, ili cheti kilichopatikana ugenini kiwe na uzito uleule wa kile cha Munich.

Desturi nazo husafiri. Popote zilipo shule hizi, utamkuta mtoto wa darasa la kwanza, siku yake ya kwanza kabisa, amekumbatia koni kubwa ya karatasi ngumu inayomfika kifuani, imejaa peremende na penseli za rangi, mdomo umefungwa utepe. Mwezi Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martin, watoto huandamana wakiimba na taa za karatasi walizozitengeneza wenyewe. Hapa karibu na Ikweta giza huwa limeingia ifikapo saa moja jioni, hivyo taa hung'aa inavyopasa. Wenzao wa Cape Town hulazimika kusubiri, maana Novemba jua la kule huchelewa kuzama.

Hayo yote yanamfunga mtoto na Ujerumani. Cha kumfunga na ardhi anayoikanyaga ni lile jina, na ndiyo maana linapaswa kufundishwa lote, hata sehemu yake chungu.

Mwaka uleule wa 1959, Ngorongoro ilitengwa na Serengeti. Wamasai waliokuwa wakichunga Serengeti walitakiwa kuhama, wakiahidiwa kwamba Ngorongoro wangeendelea kuishi na mifugo yao. Bernhard Grzimek aliamini kwamba ndani ya hifadhi ya taifa asiishi mtu, hata mwenyeji. Nampa heshima yake kwa alichokipigania, lakini hapo simfuati. Nyumbu wa Serengeti leo wamepita milioni moja, na sababu kubwa ni kutokomea kwa sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioua nyumbu pia, miaka ya 1960, baada ya ng'ombe wa wafugaji kuchanjwa. Uhai wa nyumbu ulipita kwenye zizi la mfugaji.

Wala mambo haya hayajawa historia. Tangu mwaka 2022 familia za Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari. Wengi wa wakazi wanasema wamebanwa mpaka hawana hiari iliyobaki, na Agosti 2024 maelfu waliandamana barabarani ndani ya eneo la hifadhi.

Mwanafunzi wa miaka 17 anaweza kabisa kuyabeba yote mawili, ushujaa wa rubani na dai la mfugaji. Kutoka Nairobi hadi Ngorongoro, kwa kupitia Namanga na Arusha, ni safari ya siku moja. Natamani kila darasa linalokaribia Abitur lifike pale kaburini, kisha lisiishie hapo. Liendelee hadi Endulen, likae na wazee wa Kimasai na kuwauliza waliahidiwa nini, na wamepata nini. Waliokuwa vijana wa kuchunga ndama mwaka 1959 sasa wanakaribia miaka themanini au wameshaipita, kwa hiyo safari hiyo haifai kungoja mwaka mwingine wa masomo.