Kinyozi na Runinga: Utangulizi wa Somo la Bei za Vifaa vya Elektroniki

Kama umewahi kumwagiza ndugu anayetoka Dubai akuletee simu, au kumsikia shangazi aliyeko Marekani akishangaa bei ya kompyuta mjini Nairobi, basi somo hili umekwisha kuligusa, ila hukuambiwa kwamba ni somo. Nimelifundisha kwa miaka mingi na bado sijalichoka, kwa sababu swali lake anaweza kuliuliza mtoto likamtoa jasho mtaalamu: kwa nini kitu kilekile, kilichotoka kiwanda kilekile, kiuzwe bei moja hapa na bei nyingine kule? Huhitaji hisabati nzito. Ukijua kujumlisha na kukokotoa asilimia, unatosha kabisa kuanza.

Tuanzie kwa kinyozi. Kunyoa nywele Dar es Salaam ni shilingi elfu chache. London utalipa mara kadhaa ya hizo. Sahani ya wali kwa mama lishe, kodi ya chumba, nauli ya daladala, vyote ni nafuu kwetu kuliko huko. Ingia sasa dukani kununua runinga na mambo yanageuka: ya Dar aghalabu ndiyo ghali. Hapa mwanafunzi mgeni hutatizika, maana akilini mwake nchi ni ya bei nafuu au ya bei ghali, basi. Nakuomba uliweke kando wazo hilo tangu leo. Kila nchi ina bei za aina mbili. Ziko bei za vitu visivyovuka mpaka, yaani vinavyotumika palepale vinapotolewa. Kunyoa ni mfano mzuri, kwani hakuna Mwingereza atakayepanda ndege kuja kunyolewa Temeke. Bei hizo hufuata mishahara ya mahali. Mwaka 1964 wachumi Béla Balassa na Paul Samuelson, kila mmoja kwa kalamu yake, walieleza kwa nini huwa chini katika nchi zenye kipato kidogo. Kisha ziko bei za vitu vinavyovuka mpaka, na hizo hufuata soko la dunia pamoja na yote yaliyovipata njiani. Runinga ni ya kundi hili la pili. Haijui mshahara wako ni kiasi gani.

Ukilishika hilo, tuweke jiwe la msingi. Wachumi wana kanuni ya bei moja: kama bidhaa ingesafiri bila gharama wala kizuizi, bei yake ingekuwa sawa kila mahali baada ya kubadili fedha. Wafanyabiashara wenyewe ndio wangeisawazisha, tena kwa kutafuta faida. Bei ikiwa chini Deira, kule Dubai, na juu Kariakoo, yupo atakayenunua Deira auze Kariakoo, na ataendelea hivyo mpaka tofauti iishe. Mswideni Gustav Cassel aliipanua kanuni hiyo mwaka 1918 kutoka bidhaa moja hadi bidhaa zote kwa pamoja, na akaliita wazo lake usawa wa uwezo wa kununua.

Utaniuliza: kama bei hazilingani kamwe, ya nini kujifunza kanuni isiyotimia? Swali la haki. Mtazame fundi mwashi. Timazi yake, ule uzi wenye kitu kizito mwishoni, haijengi ukuta, lakini bila hiyo hataona ukuta umeinama upande gani na kwa kiasi gani. Kanuni ya bei moja ndiyo timazi yetu. Kila bei inapoinama, tunauliza ni nini kimeisukuma.

Wengi hutuhumu umbali kwanza. Umbali una gharama yake, lakini kontena moja hubeba mamia ya runinga au maelfu ya simu. Nauli ya meli ikigawanywa kwa kila kifaa, hubaki kidogo. Tena, meli inayotoka kusini mwa China kwenda Dubai na inayokuja Dar es Salaam hukata Bahari ya Hindi ileile. Umbali pekee hautoshi kueleza pengo la bei.

Gharama nzito huanza meli ikishafunga gati, katika kazi tunayoiita kugomboa mzigo. Hapa nakuomba uvute kiti, kwa sababu hapa ndipo penye moyo wa somo. Ushuru wa forodha ni tozo ya bidhaa kuingia nchini, na hukokotolewa juu ya thamani ya forodha, yaani bei ya kununulia pamoja na bima na nauli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 2005 kutumia ushuru wa pamoja wenye viwango vitatu, sifuri, asilimia 10 na asilimia 25, na mwaka 2022 ikaongeza cha nne, asilimia 35. Baada ya ushuru huja kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ambayo mnunuzi wa mwisho ndiye anayeibeba. Tanzania Bara ni asilimia 18, Kenya ni 16.

Tuseme runinga imefika Dar ikiwa na thamani ya forodha ya shilingi 400,000, na iko kwenye kiwango cha asilimia 25. Ushuru ni 100,000. Sasa angalia vizuri: VAT haitozwi kwenye zile 400,000, inatozwa kwenye 500,000. Hiyo ni 90,000 nyingine, jumla 590,000. Asilimia 25 na 18 zikijumlishwa kwa haraka ni 43, lakini runinga yetu imeongezeka kwa asilimia 47.5, kwa kuwa kodi imekaa juu ya kodi. Ipeleke runinga hiyo Dubai. Ushuru wa kawaida katika nchi za Ghuba ni asilimia 5, na Falme za Kiarabu zilianza kutoza VAT mwaka 2018 tu, kwa asilimia 5. Jumla yake inafika 441,000. Hakuna aliyeiba wala kudanganya, na tayari pengo ni shilingi 149,000. Isitoshe, mwagizaji wa Dar huenda alikopa fedha za kulipia kodi hizo kabla hajauza hata runinga moja, na riba ya mkopo huo nayo inaingia katika bei.

Mpaka wa kodi si lazima uwe mpaka wa nchi. Nikiwa mwanafunzi nilivuka kwa boti kutoka Unguja kwenda Dar, na mbele yangu alikaa mama mmoja aliyekuwa na runinga iliyofungwa kwa shuka ya maua. Boti ilipotia nanga aliitwa pembeni, akatoa stakabadhi ya dukani Darajani, akaambiwa alipe tofauti. Thamani iliyotumika kukokotoa ushuru visiwani ilikuwa chini ya ile ya Bara, na jambo hili lilihesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa kero za Muungano. Mama yule alikuwa akiitekeleza kanuni ya bei moja kwa mikono yake miwili, na pale gatini nilikiona kile kinachoizuia.

Jihadhari na mtego mmoja unapolinganisha bei. Marekani, bei ya dukani kwa kawaida huandikwa bila kodi ya mauzo, ambayo hutofautiana jimbo kwa jimbo. Uingereza huandikwa VAT ikiwa ndani, asilimia 20. Mwaka 2017 iPhone X ilitoka kwa dola 999 Marekani na pauni 999 Uingereza, na wengi walikasirika. Ondoa VAT, pauni zinabaki 832.50. Pauni wakati huo ilikuwa karibu dola 1.3, kwa hiyo bei halisi ilikuwa kama dola 1,080. Pengo limebaki, ila si lile lililoonekana mwanzoni.

Kwa nini basi serikali ijitwishe lawama za bei kubwa? Kwanza, bandari ni lango moja, na kukusanya kodi langoni ni rahisi kuliko kuwafuata wachuuzi mmoja mmoja mitaani. Pili, ziko nchi zinazotaka kulinda viwanda vichanga, na mfano ulio wazi zaidi ninaoujua ni Brazil. Mwaka 1967 ilitenga Manaus, mji ulio ndani ya msitu wa Amazon, uwe eneo la viwanda lenye nafuu ya kodi. Mwaka 1984 ikapitisha sheria ya kutenga soko la kompyuta ndogo kwa makampuni ya wenyeji, na ikaishi nayo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Matokeo ya njia hiyo dunia iliyaona mwaka 2013: PlayStation 4 iliyouzwa dola 399 Marekani ilitangazwa Brazil kwa reali 3,999, karibu dola 1,850, na Sony ikaeleza kuwa zaidi ya nusu ya bei hiyo ni kodi. Wabrazili walifanya ambalo sisi tungelifanya. Wenye uwezo walinunua Miami, na wengine walivuka Daraja la Urafiki kwenda Ciudad del Este, Paraguay. Mtu wa Kariakoo akitembezwa pale hatahitaji mkalimani.

Je, ulinzi huo hufaa? Wasomi wamegawanyika. Mimi naona unafaa pale tu nchi inapojifunza kutengeneza vipande vya ndani, si kufunga skrubu tu. Kwetu swali hili limekuwa hai tangu kiwanda cha simu kilipofunguliwa Kigali mwaka 2019 na kingine cha kuunganisha simu Athi River mwaka 2023. Njia ya pili, iliyo kinyume cha ulinzi, ni ya mkataba uliofikiwa Singapore mwaka 1996, ambao nchi zinazojiunga nao huondoa ushuru kwenye bidhaa za teknolojia ya habari. Brazil haimo, wala Kenya, ingawa upanuzi wake mkubwa, wa bidhaa 201, ulikamilishwa Nairobi Desemba 2015.

Fedha nayo ina mkono wake. Kifaa hununuliwa kwa dola, na mwenye duka lazima afikirie dola atakazonunua kesho, si zile tu alizonunua jana. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya. Miezi michache baadaye ilikuwa kama 130. Aliyeagiza mzigo wakati wa 160 hakuwa na haraka ya kushusha bei.

Mpaka hapa tumezungumza kama kwamba muuzaji hana hiari. Anayo. Wachumi huita ubaguzi wa bei ile hali ya kampuni kuuza kitu kilekile kwa bei tofauti kulingana na kile ambacho kila soko litavumilia. Mmoja wao, Arthur Pigou, aliupanga katika madaraja mwaka 1920. Mwaka 2013 Bunge la Australia liliita Apple, Microsoft na Adobe kueleza kwa nini Waaustralia walitozwa zaidi, mara nyingine hata kwa programu zinazopakuliwa kwa intaneti, ambazo hazina kontena wala gati. Ili ubaguzi huo udumu, lazima masoko yatenganishwe kwa ukuta. Diski za DVD ziliwekewa misimbo ya kanda: Marekani ya 1, nchi za Ghuba ya 2, Afrika Mashariki ya 5. Umeme pia ni ukuta. Chombo kilichotengenezewa volti 120 za Marekani pekee kitaungua ukikichomeka Mombasa. Lakini tazama plagi ya miguu mitatu bapa: ni ileile Uingereza, Falme za Kiarabu, Oman, Kenya, Uganda na Tanzania. Runinga ya Deira hufika Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na kuchomekwa siku hiyohiyo, na naamini hilo limesaidia biashara ya Dubai na pwani yetu kuliko tunavyodhani.

Linalofuata ndilo linalonikosesha usingizi, nawe nakukabidhi. Mwaka 2009 Kenya iliondoa VAT kwenye simu za mkononi. Mwaka 2013 sheria mpya ikairudisha. Kodi ikiondolewa, je, bei hushuka kwa kiasi kilekile, au sehemu hubaki mfukoni mwa muuzaji? Kiasi kinachomfikia mnunuzi huitwa upitishaji wa kodi, na unaweza kuupima mwenyewe. Bajeti zetu husomwa mwezi Juni. Chagua simu moja na duka moja unalolijua, nenda wiki moja kabla ya bajeti, kisha asubuhi ya pili yake. Zilizomo kwenye kabati la kioo zimekwisha lipiwa kodi ya zamani, kwa hiyo usimlaumu muuzaji upesi. Rudi baada ya mwezi, na tena baada ya miezi mitatu. Andika daftarini tarehe, bei ya kwanza aliyokutajia, na bei mliyoafikiana baada ya kupatana.