Miezi Tisa Juu ya Maji: Maisha ya Mabaharia wa Mabumu

Kwa miaka mingi, pepo za Kaskazi zilipoanza kuvuma karibu na mwisho wa mwaka, watu wa Lamu, Mombasa na Unguja walijua kwamba vyombo vya Waarabu viko njiani. Mtu wa bara aliyefika Mombasa kwa gari la moshi aliviona vimetia nanga katika Bandari ya Kale, akastaajabia urefu wa milingoti yake, kisha akaenda zake. Ni wachache waliouliza: Watu wale waliishije baharini muda wote ule, na mwisho wa safari walipata nini?

Jibu twalipata katika safari moja iliyoandikwa kwa utaratibu. Mwezi wa Desemba 1938, Alan Villiers, mtu wa Australia aliyekuwa baharia wa merikebu za matanga tangu ujana wake, alipanda bumu moja la Kuwait katika bandari ya Aden. Bumu hilo liliitwa Bayan, na nahodha wake alikuwa Ali bin Nasr al-Nejdi. Villiers alikaa nao mpaka waliporudi Kuwait katikati ya mwaka 1939, na mwaka 1940 akatoa kitabu kiitwacho Sons of Sinbad.

UPEPO NDIO BWANA

Chombo cha tanga hakijichagulii siku. Kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba hata Machi, nayo ndiyo iliyosukuma mabumu kuja kwetu yakiwa na tende, chumvi na samaki mkavu. Kusi huanza mwezi wa Aprili, wakati mkulima wa bara anapopanda kwa mvua za masika, nayo ndiyo iliyoyarudisha kwao. Lakini Kusi ikikomaa, Juni na Julai, bahari huchafuka mno. Kwa hiyo nahodha aliyechelewa kupakia kwa majuma machache alijitia hatarini, au alilazimika kungoja miezi mingi. Mkulima ajuaye hasara ya kupanda nje ya wakati atalielewa jambo hili upesi.

KAZI ZA KILA SIKU

Siku ilianza kwa adhana ya alfajiri. Baada ya sala watu walipata mkate usiotiwa hamira uliookwa mlemle chomboni, pamoja na chai. Na chakula kikubwa cha siku kilikuwa wali, kwa samaki au kwa samli. Wote walikula wamezunguka sinia, kundi kwa kundi.

Kazi haikukosekana. Tanga moja kubwa lilitungikwa kwenye foromali ndefu na nzito, na kuipandisha kulihitaji mabaharia wote wavute kamba pamoja wakiimba. Nyimbo zile hazikuwa za kujifurahisha tu, bali ziliwafanya watu wengi kuvuta kwa nguvu moja. Upepo ukiwa mzuri na tanga limetulia, serahangi hakuwaacha wakae bure. Wengine walishona matanga, wengine walisokota kamba, wengine walifua maji yaliyoingia ngamani. Katika Bayan seremala aliunda mashua sitahani, chombo kikiwa safarini, ili ipate kuuzwa.

Nahodha mwenyewe alilala kidogo sana. Alikuwa na dira, lakini elimu yake kubwa ilikuwa kichwani: umbo la kila mlima wa pwani, rangi ya maji penye mwamba, na kina cha bahari kilichopimwa kwa bildi.

MAJI NA MOTO

Mambo mawili yalitunzwa kuliko yote. La kwanza ni maji ya kunywa, yaliyowekwa katika matangi ya mbao. Ya kuoga na kutawadha yalikuwa ya bahari. La pili ni moto. Mpishi alipika ndani ya sanduku lenye mchanga chini, kwa kuwa chombo chote ni mbao, kamba na mafuta, na cheche moja ingeweza kukimaliza. Tukumbuke kwamba Bayan lilichukua abiria zaidi ya mia kutoka pwani ya Hadhramaut, wakilala sitahani bega kwa bega, na wanawake wakikaa mbali chini ya shetri. Bila utaratibu wa kila siku, watu wengi namna hiyo wasingefika salama.

Kazi nzito kuliko zote haikuwa baharini. Ilikuwa katika vijito vya Rufiji, Tanganyika, ambako mabaharia walipakia boriti za mikoko wakizama matopeni, wakiumwa na mbu na kushikwa na homa. Boriti hizo, zilizohesabiwa kwa korija, zilikwenda kuezeka nyumba za nchi zisizo na miti.

UJIRA

Je, walilipwa nini? Baharia hakuwa na mshahara wa mwezi. Nauli na faida zilikusanywa mpaka mwisho wa safari. Gharama za chakula zikatolewa, kisha chombo kikapata sehemu yake na mabaharia wakagawana yao kwa mafungu. Serahangi na wasukani walipata zaidi kidogo. Mtu aliweza kufanya kazi miezi minane au tisa asijue atakachopata. Wengi walikuwa wamekwisha kuchukua fedha kabla ya kuondoka, ili jamaa zao wale. Basi hesabu ilipofanywa, fungu lote lilikwenda kulipa deni. Nahodha naye mara nyingi alikuwa na deni kwa tajiri. Ndiyo sababu wengi walirudi nyumbani, wakapumzika kidogo, kisha wakaenda kupiga mbizi kutafuta lulu wakati wa joto kali.

Mwaka 1946 Kuwait ilianza kupeleka mafuta yake nje, na vijana wakapata kazi zenye mshahara unaojulikana. Vyombo vilivyobaki vilitiwa mashine, na mabumu makubwa ya matanga yakapungua mwaka hata mwaka katika bandari zetu. Tusikiapo wazee wakiusifu uzuri wa matanga yale, ni haki tukumbuke pia wale walioyavuta, na deni lililowangoja nchi kavu.