Santuri ya Kwanza, Tena ya Pekee

Vijana wa Nyegezi wanaojifunza gitaa la umeme wasidhani kuwa ndio wa kwanza nchini kuupenda muziki wa roki. Bendi ya Sunburst iliundwa Dar es Salaam mwaka 1970, ikaichanganya roki na midundo ya Kiafrika, ikiimba Kiswahili na Kiingereza.

Shida ilikuwa moja: nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi Redio Tanzania, na kanda zikabaki huko huko. Sunburst walirekodi Zambia, na mwaka 1976 ikatoka “Ave Africa”, santuri yao ndefu ya kwanza. Hawakutoa ya pili.

Ilipita miaka 40 kabla ya kampuni ya ng'ambo, Strut, kuitoa upya mwaka 2016. Ndugu msomaji, zile santuri kuukuu zilizo uvunguni mwa kitanda cha mzee, umezitazama?