Karatasi Mbili za Maabara, Mama Mmoja

Mwenzetu mmoja wa kikundi cha maombi alitujia na karatasi mbili mkononi na macho mekundu kwa kukesha. Mimba yake ilikuwa ya miezi minne. Mwanawe wa darasa la kwanza alikuwa ametoka upele wa tetekuwanga siku tatu kabla, na yeye hakukumbuka kuugua ugonjwa huo. Maabara moja ilimwandikia "hasi", nyingine "chanya". Jirani alikwisha kumwambia mtoto tumboni ameharibika. (Maneno ya jirani nayo ni ugonjwa.)

Tuliketi naye tukazisoma. Kumbe karatasi hazikupingana! Ya kwanza ilipima IgM, kingamwili zinazojitokeza mtu akiambukizwa karibuni. Ya pili ilipima IgG, ambazo hubaki mwilini miaka mingi baada ya kupona. Mja mzito aliyekaa na mgonjwa huangaliwa IgG. Tukamuuliza kama aliwahi kuongezewa damu miezi ya karibuni, maana kingamwili huweza kuwa za kuazima. Hapana. Na damu ilitolewa mapema mno kwa mwili kuwa umetengeneza IgG kwa sababu ya upele wa mtoto. Basi alikwisha kuugua zamani.

Lakini vipimo vya IgG navyo si sawa. Maabara nyingi hutumia ELISA, jina tulilolizoea kwa kupima virusi vya Ukimwi. Ni kizuri kwa aliyeugua, ila mara nyingi hushindwa kuona kinga iliyoletwa na chanjo. Kipimo cha lateksi hujibu kwa dakika chache, chembe zikigandamana mbele ya macho, lakini mara nyingine huonyesha kinga isiyokuwepo. FAMA, kilichoelezwa mwaka 1974, ndicho wataalamu hulinganishia vingine. Kinahitaji chembe hai zilizoambukizwa virusi na jicho lenye ujuzi, hivyo maabara chache sana hukifanya.

Kama IgG ingekuwa hasi tusingesubiri. Katika nchi za joto wengi hufika utu uzima bila kuugua tetekuwanga, na kwa mja mzito inaweza kuleta nimonia kali. Katika wiki 20 za kwanza huweza kumdhuru mtoto tumboni, ingawa ni mara chache. Daktari huweza kutoa sindano ya kingamwili ndani ya siku 10, panapopatikana, au dawa ya asiklovia. Chanjo haitolewi wakati wa mimba, kwa kuwa ina virusi hai vilivyodhoofishwa.

Kwa hiyo, mama, ukipewa jibu uliza: ni IgG au IgM? Kwa njia gani? Damu ilitolewa lini?

Jioni ile mwenzetu alimpigia simu mama yake kijijini. Bibi akacheka: "Uliugua wakati wa mavuno, hujaanza hata shule. Nilikuogesha maji ya mwarobaini wiki nzima."