Namba ya Mtoto ni Haki Yake: Somo Kutoka Mbio za Baiskeli

Siku ya pili ya Idul-Adh'ha, kamati ya msikiti wetu hapa Dodoma iliandaa mbio za baiskeli kwa watoto wa madrasa. Walijitokeza na zile baiskeli ndogo ambazo kila mtaa huziita BMX, nyingine mpya, nyingine zimeungwaungwa na fundi. Tuliandika namba kwa kalamu ya wino mzito juu ya karatasi nyeupe, tukawabana watoto vifuani kwa pini, tukaona kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Upepo wa kiangazi, ambao mkazi wa Dodoma hahitaji kusimuliwa, ulizikunja karatasi zile na kuzichana. Katika kundi la watoto wa miaka tisa, mwamuzi alisoma 9 kwa yule aliyetangulia, nasi tukamwita mwenye 9 na kumkabidhi zawadi ya kwanza. Baada ya sala ya Alasiri akatujia mtoto mwingine, karatasi yake mkononi. Namba yake ilikuwa 6. Mmoja wetu alikuwa ameibana juu chini.

"Ustadhi, mbona mmemwandika mtu mwingine?" aliuliza.

Tulipomuuliza mwenye 9, alikiri bila kusita kwamba alimaliza wa nne. Alidhani zawadi ile hupewa kila mtoto.

Ndugu msomaji, hakuna aliyekusudia kudhulumu. Hata hivyo haki ya mtoto ilikuwa imekwenda kwa asiyestahiki, na sababu ilikuwa uzembe wetu katika jambo tulilolidhani dogo. Allah (S.W.) ametuamrisha katika Suratul-Baqara kuandika madeni yetu na kuweka mashahidi, ili haki ya mtu isipotee kwa usahaulifu. Namba ya mshindani nayo ni ushahidi. Ikiandikwa vibaya, ushahidi huharibika.

Wenye mchezo wao wafanyavyo

Mbio za BMX zilianza California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana wakiiga mbio za pikipiki za vumbini. Mwaka 2008 zikaingia katika Olimpiki ya Beijing. Waendeshaji hadi wanane huondoka pamoja katika njia fupi ya matuta, yenye urefu wa mita 300 hadi 400. Nyuso zimefunikwa na kofia ngumu, nao hufika mwisho wakiwa wamesongamana. Mwamuzi hana njia ya kumtambua mtu ila kwa namba.

Ndiyo maana hawategemei karatasi ya kifuani. Hufunga kibao kigumu mbele ya usukani, na katika mashindano makubwa huongeza kingine kidogo ubavuni, kwa sababu anayetazama kutoka pembeni mwa mstari haoni kilichoandikwa mbele. Rangi nazo zina maana. Katika madaraja ya kawaida chini ya shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, wavulana hutumia kibao cha njano chenye namba nyeusi, na wasichana cha buluu chenye namba nyeupe. Mwamuzi akiona rangi, hujua kundi kabla hajasoma namba.

Wanaoanza wasichanganywe na waliozoea

Kutenganisha makundi si jambo geni kwetu. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliandaa mbio za farasi. Waliokwisha kuandaliwa kwa mbio walikimbia kutoka Al-Hafyaa hadi Thaniyyatul-Wadaa, masafa yanayotajwa kuwa maili 5 au 6. Ambao hawakuandaliwa walikimbia kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq, kiasi cha maili 1. Kila kundi lilipewa masafa yake. Basi mtoto aliyejifunza kuendesha mwezi uliopita asipangwe na anayepeleka maziwa kwa baiskeli kila asubuhi. Wapewe rangi mbili tofauti, na masafa mawili tofauti.

Namba haina baraka wala nuksi

Kabla ya mbio, mzazi mmoja alimkatalia mwanawe namba 13. Mwingine aliomba 786, ambayo katika hesabu ya abjadi ni jumla ya herufi za Bismillah.

Hofu ya 13 imo hata kwa mabingwa. Wapo waendeshaji wa Ulaya ambao wakipewa 13 huigeuza juu chini ili kuondoa mkosi. Katika Tour de France wengine huitukuza 51, kwa kuwa Eddy Merckx aliivaa mwaka 1969 akashinda, na baada yake wengine wakashinda nayo. Mtume wetu (s.a.w.) amekanusha tiyara, yaani kujengea itikadi mkosi wa kitu. Ama 786, tulimweleza mzazi yule kwa upole kwamba Sunna ni kulitaja jina la Allah kwa ulimi wakati wa kupanda, wala hatujafundishwa kulibadilisha liwe tarakimu. Isitoshe, kibao huanguka vumbini.

Ili pasiwe na upendeleo, namba zigawiwe kwa kura. Mtume (s.a.w.) alikuwa akipiga kura baina ya wakeze alipotaka kusafiri. Namba 1 ibaki bila mtu, imngoje bingwa. Atakayepata namba kwa mara ya kwanza aendelee nayo, kwani mtoto huipenda na waamuzi huizoea.

Namna ya kutengeneza kibao

Dumu la njano la mafuta ya kula linatosha. Kata ubavu wake kwa ukubwa wa daftari la shule, uzipige msasa kingo zisimkate mtoto. Andika kwa rangi nyeusi ya mafuta, kimo cha namba kisipungue upana wa kiganja cha mtu mzima, na nafasi iachwe baina ya tarakimu. Moja isifanane na saba. Sita na tisa zichorewe mstari chini, wala zisiwe katika kundi moja. Toboa matundu manne, ufunge usukanini kwa vipande vya tyubu kuukuu, na uhakikishe breki na nyaya zake haziguswi.

Kosa letu tulilitangaza hadharani, kwa hiyo tulilirekebisha hadharani, mbele ya jamaa baada ya sala ya Ijumaa, na zawadi ikafika kwa mwenyewe. Tulimwambia mtoto yule kwamba anaweza kuchagua namba nyingine kwa mbio zijazo. Akasema anaitaka 6 ile ile. Tumeiandika juu ya kibao cha njano, na chini yake tumechora mstari mnene.

Wabillahi tawfiq.